Wanaolipwa Kutazama: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kazi ya Kukagua Maudhui

Barua tano za toleo hili zinahusu kazi moja: kupokea video, picha na maandishi yaliyoripotiwa kwenye mitandao ya kijamii, kuyatazama, kisha kuamua yabaki au yafutwe. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazohitaji macho na masikio ya binadamu, na vijana wetu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanaifanya kazi hii kimyakimya, mara nyingi usiku. Majibu ni ya mwanasaikolojia wa kliniki. Swali la mkataba limejibiwa na mwanasheria wa kazi.

Niko natumika nyumbani kwa kompyuta, nakagua video za Kiswahili na Kinyarwanda kwa kampuni ya nje. Ni miezi saba sasa. Nikinawa uso naona video moja, ileile, na harufu ya nyama ya kuchoma inaniondoa mezani. Mke wangu anasema nimekuwa mkali. Lakini mimi sikupigwa wala sikufiwa na mtu katika hizo video. Je, naingia wazimu?
*Msomaji wa Katindo, Goma*

Hapana, ndugu. Hali unayoieleza inajulikana na ina matibabu. Inafanana na msongo wa baada ya kiwewe, ingawa ni mganga aliyekaa nawe uso kwa uso tu anayeweza kuthibitisha.

Hiyo hoja ya kwamba hukupigwa iweke kando. DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013, unasema kutazama mambo ya kutisha kwenye skrini hakuhesabiwi kuwa chanzo cha kiwewe, isipokuwa mtu anayatazama kwa sababu ya kazi yake. Waandishi wake walikuwa na sababu. Mtu wa kawaida akikutana na video ya mauaji hufumba macho au huipitisha. Wewe unalipwa usifumbe. Unatakiwa utafute kama aliyelala chini bado anapumua, kama kuna nembo kwenye sare, kama aliyesimama pembeni ni mtoto, na ukikosa uhakika unairudia sekunde ileile mara tatu. Umakini huo ndio unaoichapa picha akilini. Wakati huohuo mwili unajiandaa kukimbia au kupigana, moyo unaenda mbio, nawe umekaa tu kwenye kiti. Nguvu hiyo haipati pa kutokea.

Kwa mtu wa Goma kuna uzito mwingine. Anayekagua video za vita vya mbali hasikii maneno, na hajui barabara ile inaelekea wapi. Wewe unasikia lafudhi ya jirani, unatambua ukuta wa mawe ya volkeno, na tangu Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, unaweza kukuta kwenye foleni yako ya video za kukagua mtaa unaoupita ukienda sokoni. Kampuni nyingi haziuhesabu mzigo huu. Kwao, kujua lugha na mahali ni sifa ya kuajiriwa tu.

Jipime hivi. Kuna makundi manne ya ishara. La kwanza ni picha, ndoto au harufu zinazorudi bila kuitwa. La pili ni kukwepa: nyama, soko, habari, watu fulani. La tatu ni mawazo na hisia kugeuka: hatia, kuona kila mtu ni mbaya, kutofurahia hata harusi ya ndugu. La nne ni mwili kukaa macho: hasira, kushtuka mlango ukigongwa, kukosa usingizi. Ukiwa na ishara za makundi yote manne, zimepita mwezi mmoja, na zinaharibu kazi au nyumba, nenda ukapimwe. Waganga wengi hutumia dodoso la PCL-5, ambalo lipo pia kwa Kifaransa: maswali 20, kila moja alama 0 hadi 4. Jumla ya 31 hadi 33 kwenda juu ni dalili ya kuchunguzwa zaidi. Peke yake si hukumu.

Usisubiri ipite yenyewe kwa kuacha kazi tu. Nairobi, mkuu wa huduma za afya ya akili wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Dkt. Ian Kanyanya, aliwapima wakaguzi 144 waliokuwa wamekagua maudhui ya Facebook. Taarifa hizo zilipofika mahakamani na kutangazwa Desemba 2024, asilimia 81 walikuwa na msongo mkali au mkali mno, wengi wao mwaka mmoja au zaidi baada ya kuondoka kazini. Tuseme haki: hao walikuwa watu walioshtaki na kujitolea kupimwa, kwa hiyo asilimia hiyo si ya wakaguzi wote duniani. Lakini inaonyesha kwamba kufunga kompyuta hakufungi jambo.

Hatua yako ya kwanza wiki hii si dawa. Mwandikie shefu wa ekipe yako, kwa barua pepe ili ibaki, kwamba unaomba kuhamishwa foleni ya ukatili kwa sababu za afya. Tiba haishiki vizuri kwa mtu anayerudi kwenye video zilezile kila usiku.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Siwezi kuacha hii kazi mwaka huu, minerval ya shule inaningoja. Kuna namna ya kutazama bila kuumia sana?
*Msomaji wa Nguba, Bukavu*

Ipo namna ya kupunguza, dada. Ya kuondoa kabisa haipo, na anayekuuzia mafunzo ya «ustahimilivu» kana kwamba tatizo ni moyo wako mwepesi anakudanganya. Kiwango cha unachokitazama ndicho kinachoumiza, kwa hiyo tunaanzia hapo.

Ondoa rangi. Damu nyekundu inashtua. Utafiti uliofanywa Google na kuchapishwa mwaka 2019 uliona kwamba kugeuza picha kuwa za kijivu, jambo rahisi namna hiyo, kunabadilisha kwa kiasi kikubwa jinsi kazi inavyowagusa wakaguzi. Kwenye Windows ya Kifaransa fungua «Paramètres», halafu «Accessibilité», halafu «Filtres de couleur». Chagua kijivu na uruhusu njia ya mkato. Baada ya hapo, kubonyeza Windows, Ctrl na C kwa pamoja kunawasha na kuzima. Kwenye simu nyingi za Android iko pia ndani ya «Accessibilité», sehemu ya rangi. Inakwama pale uamuzi unapotegemea rangi yenyewe, kama bendera au sare. Hapo washa rangi, amua, zima tena.

Punguza dirisha la video hadi robo ya skrini. Usitazame kwa skrini nzima kwa sababu tu ndivyo programu inavyofunguka. Kama chombo cha kampuni kina ukungu wa kufunika picha, uwe umewashwa tangu mwanzo, nawe ufunue kipande unachokihitaji. Wakaguzi wengi huuzima wakidai unawachelewesha. Lakini watafiti waliojaribu ukungu wa kufunua kidogokidogo, mwaka 2020, waliona usahihi haukushuka.

Sauti ianze ikiwa imezimwa. Kilio hukaa masikioni kuliko picha, na headphone zinakiingiza ndani kabisa. Fungua sauti pale tu maneno yanapobeba uamuzi, kwa mfano tishio au wito wa kushambulia, na kama kuna maandishi ya yaliyosemwa, soma hayo kwanza.

Kabla ya kucheza video, pitia picha ndogondogo za mfululizo wake. Ghafla ni sehemu kubwa ya madhara. Ukijua sekunde ya 40 kuna nini, pigo ni dogo. Na ukishaona jambo moja linalovunja kanuni, simama hapo, huna deni la kumaliza video. Isipokuwa moja: mtu anapoonekana bado yuko hai na hatarini, kama anayetishia kujiua moja kwa moja hewani, peleka juu mara moja kwa njia ya dharura ya kampuni.

Panga zamu. Mzigo mzito uwe katikati. Nusu saa ya mwisho iwe matangazo ya uongo na akaunti bandia, ili usiende kitandani na picha mbichi. Dakika 10 kila saa simama, tazama mbali, tembea hadi nje. Kuhamia TikTok yako mwenyewe si mapumziko. Mwaka 2018 YouTube ilitangaza kwamba wakaguzi wake hawatazidisha saa 4 kwa siku kwenye maudhui ya kutisha. Itumie takwimu hiyo ukizungumza na shefu wako, maana imetoka kwa kampuni yenyewe.

Najua wengi wenu mnafanya kazi usiku, wakati mega za intaneti ni rahisi na mtandao hauna msongamano. Tatizo ni kulala dakika tano baada ya video ya mwisho. Weka saa moja na nusu kati ya hizo mbili. Na humo weka hili: dakika 20 za Tetris, au mchezo wowote wa kugeuza na kupanga maumbo, hata usiohitaji mtandao. Mwanasaikolojia Emily Holmes na wenzake nchini Uingereza walionyesha mwaka 2009, na tena hospitalini mwaka 2017 kwa majeruhi wa ajali za barabarani waliocheza ndani ya saa 6, kwamba picha za kurudi zilipungua katika wiki ya kwanza. Sababu ni kwamba mchezo unashika sehemu ileile ya akili inayotunza picha, wakati picha bado haijakauka. Mchezo wa maswali na majibu haukusaidia. Katika jaribio moja uliongeza. Tahadhari: tafiti hizo ni za tukio moja, si za kila siku kwa miezi mingi. Ni msaada mdogo usio na gharama, basi.

Kama nyumba ni chumba kimoja, kiti chako kiegemee ukuta ili asiwepo wa kupita nyuma yako. Watoto wa wakaguzi wameona mambo ambayo hakuna aliyewakusudia.

Jambo la mwisho, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kwenye barua kama yako. Siku utakapoona husikii kitu tena, unatazama huku unakula, unacheka pasipo pa kucheka, na kasi imepanda, usidhani umezoea. Ganzi ni ishara. Mara nyingi makosa ya uamuzi huongezeka siku hizohizo.

Mwanangu alirudi kutoka kazi hiyo mwezi wa pili. Hasemi kitu, anadai alisaini karatasi ya siri. Usiku anakunywa pombe ya lutuku ili alale, na farmasia walimuuzia Valium, vidonge vya kutuliza. Dada zake wanataka tumpeleke kwenye chumba cha maombi afunge siku saba. Nifanye nini?
*Mama wa Katuba, Lubumbashi*

Mama, usimuulize aliona nini. Swali hilo linamlazimisha kuchagua kati ya mkataba na mama yake, na kumwaga picha hizo sebuleni hakumponyi. Muulize kuhusu usingizi, chakula, na saa gani ya siku ni mbaya zaidi. Hayo anaweza kuyajibu.

Karatasi ya siri inahusu mali za kampuni: kanuni zake, wateja, video. Afya yake haimo. Kumwambia mganga «silali, naona picha za watoto waliokufa» si kuvunja siri, na mganga naye, kwa sheria ya Kongo, amefungwa na siri ya kazi yake. Mwambie hivyo kwa maneno hayohayo. Vijana wengi wanakaa kimya kwa kuogopa kitu ambacho hakimo kwenye karatasi waliyosaini.

Lutuku inamlaza saa mbili tatu, kisha inamwamsha usiku wa manane na ndoto kali kuliko za mwanzo. Lakini kama anakunywa kila siku na kwa wingi, msimnyang'anye ghafla: mikono kutetemeka, jasho, kuona visivyokuwepo au degedege ni sababu ya kumkimbiza hospitali. Valium na pombe pamoja vinaweza kuzima pumzi. Hilo lizuieni leo. Na hata bila pombe, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba watu wazima wasipewe dawa za kundi la Valium kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Hazitibu, na zinamfunga mtu asiweze kuziacha. Kama amezimeza wiki nyingi, mganga ndiye atakayezipunguza polepole.

Kuhusu maombi: aombewe, na asiachwe nyuma na kanisa lake. Kufunga siku saba, hapana. Mtu asiyelala na asiyekula anazidi kuona picha. Na asisimamishwe mbele ya waumini kutoa ushuhuda wa aliyoyaona.

Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Wasomaji wa Bukavu wanacho Sosame, wa Goma wanacho Tulizo Letu. Vyote vitatu ni vya Mabruda wa Upendo, shirika la watawa wa Kikatoliki. Mkifika, ombeni kwa jina: tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe. Kwa kawaida ni vikao 8 hadi 12, kimoja kwa wiki. Kikao kimoja tu cha «kutoa yote moyoni» hakitoshi na hakishauriwi. Kama wataongeza dawa za huzuni, zinachukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, kwa hiyo asiziache siku ya tano.

Na tiba hii haikuja jana kwetu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013 liliwafuata wanawake wa Kivu walionusurika ukatili wa kingono, wakitibiwa kwa vikundi na wasaidizi wa hapahapa waliofunzwa. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili za huzuni au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9, dhidi ya 42 kwa waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Mikasa yao si ya mwanao, lakini njia ya kutibu inafanana.

Akisema angeona afadhali asiwepo, akagawa vitu vyake, au akaaga watu ovyo, msimwache peke yake. Toeni nyumbani dawa za panya na vidonge vyote, na mwende siku hiyohiyo.

Nimeitwa Nairobi kwa kazi ya «mhudumu wa wateja wa lugha ya Kiswahili». Rafiki ananiambia ni modereshoni, yaani kukagua maudhui. Niangalie nini kwenye kontra?
*Msomaji wa Himbi, Goma*

Rafiki yako anaweza kuwa anasema kweli. Cheo kilichofichwa ni lalamiko la zamani katika kazi hii. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekagua maudhui ya Facebook Nairobi kupitia kampuni ya Sama, alifungua kesi mwaka 2022 akidai, pamoja na mengine, kwamba hakuelezwa kazi yenyewe ni nini alipoajiriwa. Mwaka huohuo jarida la Time liliandika kwamba baadhi ya wakaguzi hao walibaki na takriban dola 1.50 kwa saa.

Kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi: je, nitatazama ukatili, ngono au watoto wanaodhuriwa, na saa ngapi kwa siku? Wakikataa kuandika, umeshajibiwa. Kisha tafuta nani hasa ni mwajiri. Jukwaa kubwa mara nyingi halimo kwenye mkataba. Aliyemo ni wakala. Meta, mmiliki wa Facebook, ilibishana kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikaamua inaweza. Hilo linakusaidia, ila kesi ni miaka.

Angalia kama muda wa kuonana na mshauri unahesabiwa kuwa muda wa kazi au unakatwa kwenye malengo yako, kama mshauri huyo anapeleka taarifa kwa shefu wako, na kama unaweza kuhama foleni bila kupunguziwa mshahara. Angalia kama bima inaendelea baada ya mkataba kuisha. Kama kibali cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri, uliza utarudishwaje Goma kazi ikikatika, na nani analipa. Pasipoti hubaki mfukoni mwako.

Ukibaki Kongo ukiwa na mkataba wa kweli, Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inakulinda, wiki ya kazi haizidi saa 45, na ugonjwa wa kazi unahusu CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Ukilipwa kwa kipande kupitia jukwaa la nje, karibu yote hayo yanateleza. Basi weka kumbukumbu yako: tarehe, saa ulizofanya, aina ya foleni, barua ulizotuma. Usihifadhi video zenyewe, hilo ndilo litakalokutia hatiani. Kuna pia Chama cha Wakaguzi wa Maudhui wa Afrika kilichoamuliwa kuundwa Nairobi tarehe 1 Mei 2023 na wafanyakazi zaidi ya 150. Ukifika, waulize hao kabla ya kumuuliza mwajiri.

Mimi silipwi na mtu. Ni admini wa grupu ya WhatsApp ya mtaa, watu 600. Kila siku wanatupa video za maiti, na mimi ndiye wa kufuta. Sasa silali.
*Msomaji wa Ndosho, Goma*

Unafanya kazi ileile, ndugu, bila mshahara na bila zamu. Fanya haya leo. Kwenye WhatsApp fungua «Paramètres», «Stockage et données», na uondoe upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video, kwa mega na kwa Wi-Fi. Rudi kwenye «Discussions», zima «Visibilité des médias», la sivyo maiti zitakaa kwenye albamu moja na picha za watoto wako. Sasa video ni kivuli chenye ukungu mpaka uiguse, na kuifuta hakuhitaji kuigusa: bonyeza ujumbe kwa muda, «Supprimer pour tous». Admini anaweza kufuta ujumbe wa mwingine.

Saa za usiku funga grupu, maadmini peke yao waandike. Gawaneni siku, maadmini watatu, kila mmoja na zamu yake. Asiye zamu haangalii.

Wanaotuma «ili familia imtambue» wana hoja, usiwadharau. Waambie watume kwako au kwa shefu wa avenue kwa faragha, wakitanguliza maandishi: mahali, saa, jinsia, nguo. Mara nyingi maelezo ya nguo yanatosha, na picha ya shati inatosha kuliko ya uso. Aliyepiga video na anadhani itakuwa ushahidi asiipitishe WhatsApp, kwa sababu programu inaibana na kuzifuta taarifa za ndani ya faili. Aihifadhi ya asili kwenye kadi ya kumbukumbu, na aandike kando tarehe, mahali na nani aliyepiga.